Mpaka wa Korea mbili: dakika chache kwenye darubini, muda wote dukani

Nilisubiri kidogo kabla ya kuandika, nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Kampuni iliyotupeleka siitaji, lakini pesa yangu naililia mpaka leo.

Kuingia eneo lile si jambo dogo. Kwenye daraja la mto Imjin askari kijana alipanda basini, akapita kiti kwa kiti akilinganisha sura na pasipoti. Yangu ya Tanzania aliitazama kwa muda, akanirudishia kwa mikono miwili. Adabu tupu. Ukivuka hapo, kando ya barabara ni seng'enge na vibao vya pembetatu vinavyoonya juu ya mabomu ya kutegwa ardhini. Basi zima lilinyamaza. Vita ya pale ilisimamishwa tu, Julai 27, 1953. Mkataba wa amani haujasainiwa hadi leo.

Tukapanda Dora, kilima cha kutazamia Kaskazini. Ndicho hasa kilichonipeleka. Ukungu ulikuwa umetanda, wenzangu wakakata tamaa wakaenda kupanga foleni ya kahawa. Mimi nikang'ang'ania darubini. Mara ukungu ukaachia. Nikaiona bendera ya Kaskazini juu ya mlingoti wa mita 160, waliousimamisha kuupita ule wa Kusini wa karibu mita 100. Nikasogeza taratibu kuelekea Kaesong, mji wa Kaskazini, kwenye eneo la viwanda ambako Wakorea wa pande mbili walifanya kazi pamoja hadi 2016. Upande wa huku wa viwanda kulikuwa na mashamba, na mtu anasukuma baiskeli. Mtu kabisa, anakwenda zake!

Hapo nikashikwa bega. Mwongozaji wetu. "Muda umeisha, picha zipo kwenye intaneti." Nikamwomba dakika mbili tu. Akaishika darubini akaigeuzia pembeni, halafu akasema mbele ya watu, "Watu wa kwenu hamwezi kufuata muda." Wakati huo nusu ya kundi bado wako kwenye foleni ya kahawa! Hakuna hata mmoja wao aliyeguswa.

Handaki la tatu, mojawapo ya yale ambayo Kaskazini waliyachimba kwa siri chini ya mpaka, nililiingia nikiwa natetemeka kwa hasira, na hata hivyo lilinishangaza. Liligunduliwa 1978, mita 73 chini ya ardhi. Kaskazini walidai ni mgodi wa makaa, wakati ukuta ni mwamba wa matale uliopakwa weusi. Kwa handaki peke yake ningewapa nyota nne.

Lakini basi likatupeleka wapi? Duka la jinsengi, mizizi ya dawa. Pale tukakaa kuliko Dora, kuliko handaki. Bwana yule yule wa muda sasa hana haraka, anatabasamu, anatumiminia chai, anatuonyesha mizizi ndani ya chupa. Kumbe tulikuwa tunakimbizwa ili tuwahi pale. Nyota moja, na hiyo ni ya yule askari.

Na kinachoniuma zaidi nilikiona asubuhi, Imjingak, bustani ya kumbukumbu karibu na mpaka. Pana madhabahu iliyojengwa 1985 kwa ajili ya waliozaliwa Kaskazini ambao hawawezi kurudi kwao. Mzee mmoja alipanga matunda, akainama mpaka paji likagusa chini, uso kaskazini. Wanawe wakasimama nyuma yake. Mahali penye machozi ya namna ile, mtu anapafanya njia ya kupitia kwenda dukani!

Nilitaka niandike "msiende". Siwezi. Yule mtu wa baiskeli sijamsahau. Nendeni, ila msiende na basi la kukodi kutoka hotelini. Pandeni treni mpaka Munsan, kisha Imjingak, mkate tiketi za ziara wenyewe pale pale kwa pasipoti. Wahini asubuhi kwa sababu tiketi huisha, na Jumatatu wanafunga. Huko napo muda hupimwa, sitawadanganya. Na anayetaka lazima kampuni, aulize kabla ya kulipa: Dora tunakaa muda gani, na kuna duka? Wakianza kuzunguka kwenye jibu, asitoe hata senti.