Uzoefu wangu na Damita Jo ya Janet Jackson: albamu iliyohukumiwa kabla ya kusikilizwa

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: Damita Jo, albamu ya 2004 ya mwimbaji wa Marekani Janet Jackson, ni albamu nzuri. Ina nyimbo tano au sita ambazo zingekaa bila aibu kwenye kazi za Janet za miaka ya 1990, na ina sehemu ya mwisho inayovuta miguu. Nimeisikiliza nyumbani kwenye spika, nimeisikiliza kwenye daladala na hedifoni masikioni, na kila nikitaja jina lake mbele ya watu wanaofuatilia muziki, naambiwa, "Aa, ile iliyoanguka." Ukiwauliza wimbo gani haukuwafurahisha, hawana. Wanalikumbuka tukio. Nyimbo hazimo.

Acha basi nianze na nyimbo, maana ndizo zilizonyimwa haki.

Wa kwanza ni "I Want You". Waliouandaa ni Jimmy Jam na Terry Lewis, waliokuwa na Janet tangu Control ya 1986, wakishirikiana na kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda, Kanye West. John Legend ni mmoja wa watunzi. Wamechukua kipande cha wimbo wa zamani wa bendi ya B.T. Express, wakakiweka juu ya ngoma nzito, na Janet akaimba kwa sauti iliyo wazi kuliko kawaida yake ya kunong'ona. Ni wimbo wa kumsihi mtu aliyeondoka arudi, na unausikia kifuani. Halafu kuna "All Nite (Don't Stop)", ulioandaliwa na Wasweden wawili, Bag na Arnthor, juu ya kipande cha mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock. Besi yake ukiiweka kwenye spika nzuri, majirani watajua. "R&B Junkie" ni ya kuchezwa harusini baada ya chakula, wazee na vijana pamoja. "Spending Time with You" ni ya taratibu, ya watu wawili waliotulia ndani ya nyumba. Na "Thinkin' 'Bout My Ex" aliyoifanya na mwimbaji na mtayarishaji Babyface nitairudia mbele kidogo, kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha habari yote hii.

Sasa kilichotokea. Tarehe 1 Februari 2004, mjini Houston, Janet alikuwa nyota wa onyesho la mapumziko la Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani. Watazamaji wa mechi hiyo walikuwa wastani wa milioni 90 hivi. Mwishoni aliingia mwimbaji Justin Timberlake, wakaimba wimbo wa Justin, na katika mstari wa mwisho akavuta kipande cha vazi la Janet, titi likaonekana kwa muda usiofika sekunde moja. Damita Jo ilitoka Marekani tarehe 30 Machi mwaka huohuo. Miezi miwili tu baadaye. Sehemu kubwa ilikuwa imesharekodiwa kabla ya usiku ule, lakini wahakiki wengi na wasikilizaji waliisikiliza kana kwamba kila wimbo ni maelezo ya mshitakiwa mahakamani.

Inaniuma zaidi nikikumbuka jinsi Janet alivyoijenga sura yake kwa makusudi na kwa akili, albamu hadi albamu. Control ilimtangaza kama binti aliyejitoa chini ya usimamizi wa baba yake. Mwaka 1989 akaja na Rhythm Nation 1814: sare nyeusi za kijeshi, kofia, filamu ya nusu saa ya rangi nyeusi na nyeupe, nyimbo za ubaguzi na elimu na dawa za kulevya. Lebo, yaani kampuni yake ya rekodi, ilitaka kitu cha kufanana na Control, yeye akakataa, na albamu ikatoa nyimbo saba zilizoingia tano bora za Marekani. Hakuna msanii mwingine aliyewahi kufika hapo kwa albamu moja wakati ule. Mwaka 1993 akageuka tena. Albamu ya janet. ilimleta mwanamke anayezungumzia mapenzi ya mwili bila kujificha, na jalada la jarida la muziki la Rolling Stone la Septemba mwaka huo likamwonyesha kifua wazi, mikono ya mwanamume imefunika matiti. Nchi nzima ikapiga makofi. Wakasema amekomaa, amejikomboa. "That's the Way Love Goes" ikakaa namba moja wiki nane.

Kwa hiyo kufika 2004, mwili wa Janet ulikuwa sehemu ya biashara ya muziki wake kwa zaidi ya miaka 10, na kila aliyemuuza, aliyemnunua na aliyemrusha hewani alilijua hilo na kufaidika nalo. Picha ileile iliyompa sifa 1993 ndiyo iliyofanywa ushahidi dhidi yake 2004. Jalada la Damita Jo lenyewe linamwonyesha kifua wazi akiwa amejifunika kwa mikono huku akitabasamu. Lingetoka mwaka mmoja kabla, lisingemshitua mtu. Baada ya Houston, lilionekana kama ujeuri.

Halafu kuna suala la nani anamiliki spika. Hili mashabiki wengi hawalizungumzi, na mimi naliona kubwa kuliko vazi. Mechi ilirushwa na televisheni ya CBS. Onyesho la mapumziko liliandaliwa na MTV. Kampuni mama ya zote mbili ilikuwa Viacom, ambayo pia ilikuwa na VH1, BET na mtandao mkubwa wa redio uitwao Infinity. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipofungua uchunguzi, aliyekuwa kikaangoni ni kampuni ileile ambayo msanii wa pop aliitegemea ili video yake ionekane na wimbo wake upigwe. CBS ilikuja kupigwa faini ya dola 550,000, ambayo mahakama ya rufaa iliifuta mwaka 2008 na tena 2011. Mwaka 2018 tovuti ya habari ya HuffPost iliripoti kwamba Les Moonves, aliyekuwa mkuu wa CBS, alikuwa na kinyongo cha muda mrefu dhidi ya Janet kwa sababu ya usiku ule. Na redio nyingine, hata zisizo za Viacom, ziliingiwa na hofu. Mwaka 2004 hakuna mkurugenzi wa vipindi aliyetaka barua ya FCC mezani kwake.

Wapo hapa kwetu wanaosema ile ilikuwa kiki, na kwamba kiki huuza. Nimebishana nao sana. Tazama matokeo. Albamu yake iliyotangulia, All for You ya 2001, iliingia namba moja kwa nakala 605,000 wiki ya kwanza, na wimbo wake mkuu ukakaa namba moja wiki saba. Damita Jo iliingia namba mbili kwa nakala 381,000. "Just a Little While", uliovuja mtandaoni na kuachiwa rasmi siku zilezile za Super Bowl, uliishia namba 45 kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo mia bora za Marekani. "I Want You", ule wimbo ninaousifu hapo juu, namba 57. "All Nite" haukuingia kabisa kwenye mia bora, ilhali kwenye chati ya kumbi za dansi ulifika namba moja. Niambie, wimbo gani mbaya unashika namba moja kwa watu wanaocheza na kukosa mia bora kwa watu wanaotegemea redio? Ma-DJ wa kumbi waliusikia. Redio haikuupiga. Kiki huuza pale ambapo mlango wa redio bado uko wazi, na kwa Janet ulifungwa.

Na haukufungwa kwa wote wawili waliokuwa jukwaani. Tarehe 8 Februari 2004, wiki moja baada ya Houston, Justin Timberlake alipanda jukwaa la Grammy, akaomba radhi, akaondoka na tuzo mbili. Janet, aliyekuwa ameshaomba radhi kwa video, hakuwepo ukumbini. Mwaka 2018 Justin alirudishwa kuongoza onyesho lilelile la mapumziko, mjini Minneapolis. Ilipofika Februari 2021 ndipo akamwomba Janet radhi hadharani, kwa kina. Mweusi na mweupe, mwanamke na mwanamume: tukio moja, malipo mawili. Siwezi kuliandika hili kwa utulivu.

Aliyeizuia Damita Jo kushika namba moja alikuwa mwimbaji Usher. Albamu yake, Confessions, ilitoka wiki moja kabla na kuuza karibu nakala milioni 1.1 wiki ya kwanza. Naipenda albamu ile, sina ugomvi nayo. Ila angalia ilivyouzwa: mwanamume anakiri kwamba amemsaliti mpenzi wake na kumpa mimba mwanamke mwingine. Watu wakaamini ni maisha ya Usher mwenyewe, wakahusisha na uhusiano wake uliovunjika, na udadisi ule ukaisukuma albamu kwa nguvu ambayo hakuna tangazo la kulipia lingeweza kuifikia. Baadaye Jermaine Dupri, aliyeshiriki kuitengeneza, alieleza kwamba kisa kile kilikuwa chake yeye Dupri. Haikujalisha. Sura ilikuwa imeshafanya kazi.

Rudi sasa kwenye "Thinkin' 'Bout My Ex". Humo Janet anamwambia mwanamume aliye naye kwamba amekuwa akimuumiza, kwa sababu akiwa naye, mawazo yake yako kwa mtu wa zamani. Anakiri kosa, tena kosa la moyo, gitaa la Babyface likipita polepole nyuma yake. Ni ungamo kamili, la mtu mzima, lisilojitetea. Masika yaleyale ya 2004, ungamo la mwanamume likawa gumzo la dunia, na la mwanamke likapita kimya kwa sababu watu walikuwa bado wanajadili kifua chake. Wimbo huo haukuwahi hata kutolewa singo. Nikiusikiliza usiku, huwa naurudia.

Kasoro zipo, na nitazisema. Albamu ina vipande 22, na hiyo ni mingi mno. Vile vipande vya Janet kuongea, kuhusu visiwa, jua likizama na nafsi zake mbalimbali, mara ya kwanza vinapendeza. Baadaye unavisubiri viishe. "Sexhibition" jina lake lina kelele kuliko wimbo wenyewe. "Warmth" na "Moist" zimewekwa zikifuatana, zote mbili za chumbani, zote mbili za kunong'ona, na ya pili haiongezi lolote ambalo ya kwanza haikusema. Kama ningekuwa mezani pale lebo baada ya Februari, ningeomba "I Want You" iwe singo ya kwanza na jalada libadilishwe kuwa uso wake tu. Si kwa sababu alikuwa na kosa la kuficha. Ni kwamba nyimbo za albamu hii zilizo na nguvu zaidi ni za kupenda na kukumbuka, na matangazo yake yakaonyesha kitu kingine kabisa. Lebo ilikuwa na albamu ya moyo, ikaendelea kuuza ngozi.

Mpwa wangu, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya mkasa ule, alikuta "I Want You" ikipigwa jikoni kwangu. Akauliza, "Mjomba, huyu nani? Ni mpya?" Nikamwambia ni Janet Jackson. Jina alilijua kupitia kaka yake Janet, Michael. La Super Bowl hakulijua. Akaomba nimtumie albamu. Alichonirudishia baadaye ni orodha ya nyimbo anazozipenda: "I Want You", "R&B Junkie", "Island Life", "Truly". Hakuna hata neno moja kuhusu vazi. Ndivyo albamu hii ingepokelewa na watu wengi kama wangeletewa sauti peke yake.

Neno "kuanguka" nalo lina walakini. Damita Jo ilithibitishwa platinamu (nakala milioni moja) Marekani mwaka uleule, na iliteuliwa kwenye Grammy katika kundi la R&B ya kisasa, tuzo iliyochukuliwa na Usher. Albamu yake Discipline ya 2008 iliingia namba moja kwa nakala 181,000, chini ya nusu ya zile 381,000 zilizoitwa aibu miaka minne kabla. Kufikia hapo watu walikuwa wameanza kumsamehe, ingawa sijui walimsamehe nini.

Ukitaka kuijaribu, na bando lako ni dogo, usianze mwanzo. Anza na "I Want You", fuata "All Nite", kisha "Thinkin' 'Bout My Ex", kisha "Spending Time with You", malizia na "Just a Little While", ambao una gitaa za roki na uchangamfu ambao wengi hawautarajii kwake. Zikikuingia, rudi usikilize yote kwa mpangilio wake, na maongezi ya katikati unaweza kuyaruka. Video ya "All Nite" itafute pia: ni uchezaji mtupu ndani ya jengo kukuu, taa zinazimika na kuwaka, na humo utamwona Janet akifanya kazi aliyoizoea tangu utotoni. Kwangu mimi ni nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeikata kwa urefu.