Quest 3 bila kontrola: mikono mitupu inatosha?

Kila nikiposti kitu cha VR (ile miwani unayovaa usoni ukajiona uko dunia nyingine) kuna mtu lazima aulize, eti ni kweli siku hizi hushiki kitu, unatumia vidole tu? Ni kweli. Mi natumia Quest 3, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, na hii rivyu ni ya mikono peke yake, mambo ya picha na gemu wenzangu wameshayaongea mpaka basi. Kwa kifupi, kama unazurura kwenye menyu, unaangalia muvi au unacheza gemu za taratibu, kontrola, yaani zile rimoti mbili za kushika mkononi, weka pembeni kabisa. Ukitaka spidi, zichukue tu, usijitese.

Unavyoitumia sasa. Unaelekeza mkono kwenye kitu unachotaka, unagusanisha kidole gumba na cha shahada, umechagua. Menyu kuu unageuza kiganja kikutazame halafu unabana vidole hivyohivyo, inafunguka. Na hapa kwenye kubana vidole ndo walipopatia, kwa sababu vidole vyako vyenyewe vinagusana kwa hiyo mwili unajua kabisa hapa nimebonyeza. Nenda sasa kwenye kibodi inayoelea hewani uone tofauti yake, unasukuma kidole hakuna kinachokizuia, kinapitiliza upande wa pili, hujui kama herufi imeingia au la mpaka uangalie juu, na kama paswedi ya waifai ina herufi kubwa na namba na alama za ajabu ajabu basi kunywa maji kwanza.

Shangazi yangu hajawahi kushika kontrola ya gemu maishani, ukimpa anauliza hiki cha nini na hiki cha nini, anakurudishia. Nilimvalisha miwani nikamwambia shangazi, shika hewani kama unachota chumvi kidogo. Akachota, video ikaanza, akacheka mwenyewe, baada ya hapo kuivua ikawa kazi. Kwa mtu kama huyo hii teknolojia ni mkombozi kwelikweli, maana hakuna vitufe vya kukariri. Gemu ya Cubism nayo inanoga hivihivi, unashika vipande kwa vidole unavigeuza unavipanga, hakuna haraka hakuna kelele.

Shida inakuja pale unaposahau kwamba kinachoona mikono ni kamera za kwenye miwani, halafu programu ndo inakadiria kila kiungo cha kidole kiko wapi. Kisichoonekana kwenye kamera hakipo! Peleka mkono nyuma ya bega kuchomoa mshale, umepotea. Funika mkono mmoja kwa mwingine au pachanisha vidole, inaanza kubahatisha. Hili sio la kampuni moja, miwani yoyote inayotegemea kamera zake yenyewe inakutana nalo, ingawa wamepiga hatua jamani tusiwe wachoyo wa sifa. Kampuni ya Leap Motion walileta kidude cha kusoma mikono cha kuchomeka kwenye kompyuta 2013, Quest ya kwanza ikapata mikono mwishoni mwa 2019, na apdeti ya 2022 ndo ikaboresha mikono inayopishana na inayokwenda mbio. Ila Beat Saber, gemu ya kukata maboksi kwa panga kufuata muziki, bado inataka kontrola, na mi naelewa, kontrola ndo inayotetemeka ukikata, upanga usiotetemeka mkononi unaukata nao nini?

Mwanga pia. Umeme ukikatika usiku ukabaki na tochi ya simu usitegemee maajabu kwenye Quest 3. Ajabu ni kwamba Quest 3S, ambayo ni ya bei nafuu, imewekewa taa za infraredi, yaani mwanga ambao macho hayauoni, kwa ajili ya kuona mikono gizani, kwa hiyo kwenye hilo mdogo mtu kamzidi kaka yake. Lenzi za Quest 3 ni bora zaidi lakini, hapo hakuna ubishi.

Wale wa Apple najua mnakuja. Miwani yenu ya Vision Pro inafuata macho, unaangalia kitu halafu unabana vidole mkono ukiwa umelala pajani, mabega hayachoki. Safi sana. Ila ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499, wakati Quest 3 ilianza na dola 499, sasa mwenye hesabu zake apige. Kwenye Quest mkono lazima uunyanyue, ukikaa sana bega linaanza kulalamika, mi huwa naegemeza kiwiko kwenye mto maisha yanaendelea.

Faida nyingine ndogo, kila kontrola inakula betri moja ya AA, ukitumia mikono hununui. Chaji ya miwani yenyewe ni kama masaa mawili na kidogo.

Kwa wa Bongo na Kenya, hii kitu Meta hawaiuzi rasmi huku, inakuja na watu wanaotoka nje, kwa hiyo ulizia garantii kabla hujatoa hela. Ukienda kuicheki, usiridhike na muuzaji kukuonyesha gemu la ngumi kwa kontrola. Mwambie aziweke mezani, fungua menyu kwa kiganja, pishanisha mikono, andika jina lako kwenye ile kibodi ya hewani. Halafu kagua lenzi vizuri, maana jua likipiga moja kwa moja kwenye lenzi linaunguza skrini ndani, na madoa yake hayatoki.