antiX kwenye Dell za mwaka 2007: uzoefu wangu wa muhula mmoja

Shule ninayofundisha hapa Tanga ina kompyuta kumi na moja za msaada, zote Dell OptiPlex 755: Core 2 Duo, RAM 2GB. Mashine hizi zilitoka 2007, kwa hiyo zinawazidi umri wanafunzi wangu wote wa kidato cha pili. Ndani mlikuwa na Windows 7 ya fundi, ambayo hata wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Ukiwasha, unaita mahudhurio ya darasa zima ndipo inafunguka. Ukichomeka fleshi, ikitoka hapo virusi vimegeuza folda zote kuwa shotikati. Mimi ni mwalimu wa hisabati tu. Ufunguo wa chumba nilikabidhiwa kwa sababu niliwahi kuirekebisha projekta ya shule, na tangu siku hiyo nimekuwa "mtaalamu".

Nikaamua kuiondoa Windows na kuweka Linux, mfumo endeshi mwingine wenye matoleo mengi. Nilianza na toleo la Linux Mint lenye sura nyepesi ya Xfce. Inapendeza macho, na mwenye RAM 4GB nitamwambia aichukue bila kufikiri mara mbili. Kwa 2GB, ukifungua Firefox na Writer (programu ya kuandikia) pamoja unaanza kusikia diski ikikwaruza. Ndipo nikahamia antiX 23, toleo jepesi la Linux lililojengwa juu ya toleo jingine, Debian 12. Faili lake halifiki 2GB. Nililishusha kwa bando la usiku nikaliandika kwenye fleshi kwa programu ya Rufus. Unaiwasha kutoka kwenye fleshi hiyo hiyo bila kugusa diski, unaona kama inaelewana na mashine, ndipo uamue. Nilipoiwasha mara ya kwanza, kabla sijafungua kitu, RAM iliyotumika haikufika 250MB. Nilikaa nikiitazama ile namba.

Kuiweka kwenye diski ni kama dakika ishirini kwa mashine. Kilichonitoa jasho ni vyuma vyenyewe. Sita ziliwaka bila maneno. Tatu zilitoa taa ya rangi ya chungwa na kunyamaza. Nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikairudisha mpaka vibano vikalia, na mbili zikaamka. Ya tatu sasa ni ghala la spea. Moja feni yake ilizibwa na kiota cha nyigu, tope kavu kabisa, nikalibandua kwa bisibisi. Ya mwisho diski imekufa, lakini antiX inakubali kuishi kwenye fleshi na kuhifadhi kazi humo humo, basi mashine hiyo inaendeshwa na fleshi ya 16GB niliyoifunga kwa selotepu ili mtu asiichomoe.

Siku ya kwanza ya kipindi, mashine nne zikagoma kufungua tovuti yoyote. Firefox inalalamika kwamba muunganisho si salama. Nilibadilisha kebo, nikazima ruta nikaiwasha, wanafunzi wananitazama. Mwanafunzi mmoja wa mbele akaniambia, "Mwalimu, mbona hii inasema tuko 2007?" Kumbe betri ndogo ya saa kwenye ubao mama imeisha, kila ukizima umeme kompyuta inasahau tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza kutumika, na kwa mashine iliyo 2007 vyote hivyo bado havijazaliwa. Betri ni CR2032, ile ya duara. Fundi saa wa sokoni anazo. Nilinunua kumi nikabadilisha zote.

Wanafunzi walizoea upesi kuliko walimu wenzangu. Swali lao lilikuwa moja, Word iko wapi, na nilipowaonyesha Writer wakaendelea na shughuli zao. Nimeongeza kifurushi cha hunspell-sw, sasa insha ya Kiswahili haichorwi mistari myekundu kila neno. Mwenzangu mmoja alileta mtihani alioutunga kwa Calibri nyumbani, tukaufungua, swali la mwisho likahamia ukurasa wa tatu peke yake. Dawa yake ni fonti ya Carlito: herufi zake zina upana uleule wa Calibri, kila kitu kikarudi mahali pake.

Ninachojivunia zaidi ni Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Intaneti yetu ni ya kubahatisha, kwa hiyo nimepakua Wikipedia ya Kiswahili nikaiweka kwenye mashine moja yenye kiwix-serve, sehemu yake ya kugawia wengine, na nyingine tisa zinaisoma kupitia swichi ya mtandao. Bando halitumiki hata kidogo.

Kasoro zipo. Sura yake ni ya kizamani, na programu za kazi moja zimerundikwa: utakuta za kufungulia mafaili ni mbili, na mgeni hajui ashike ipi. Video za YouTube nacheza kwa 480p. Ukipandisha zinakatakata, ila hapo kosa ni la processor. Na ukifungua tovuti nzito tatu nne kwa pamoja, RAM inajaa vilevile, maana Firefox haijui kama uko kwenye mfumo mwepesi. Ningeipa nne kwa tano.

Printa ndiyo imenishinda. Nimeihangaikia jioni tatu bila kupata draiva, kwa hiyo tunahifadhi kazi kama PDF na mmoja anakimbia na fleshi hadi ofisi ya taaluma, ambako kuna Windows. Akirudi, fleshi naifomati kwanza kabla haijaguswa na mtu.