Salt River Fields: Tiketi Ipi Ununue Kambini kwa Diamondbacks na Rockies

Tiketi ya mchezo wa besiboli wa kambi ya machipuko (mazoezi na michezo ya kujipima kabla ya msimu) pale Salt River Fields inakupa haki ya kutazama ngwe tisa, yaani zamu tisa za kila timu kupiga, kwa kawaida kuanzia muda mfupi baada ya saa saba mchana. Kilicho bora kuliko vyote mahali hapo hakimo kwenye tiketi hiyo. Ni viwanja vya mazoezi vilivyo nje ya uwanja mkuu, saa za asubuhi, ambako kwa kawaida mtazamaji hatozwi kitu. Anayefika dakika kumi kabla ya mchezo na kutoka pamoja na umati amelipa bei yote akachukua nusu ya bidhaa.

Uwanja ulifunguliwa Februari 2011 katika ardhi ya jamii ya Salt River Pima-Maricopa, ubavuni mwa Scottsdale, jimbo la Arizona. Ndio wa kwanza wa kambi za ligi kuu kujengwa katika ardhi ya wenyeji wa asili wa Marekani, na jamii hiyo, ya watu wa O'odham na Piipaash, ndiyo inayoumiliki. Arizona Diamondbacks na Colorado Rockies walihamia hapo kutoka Tucson, na tangu walipoondoka mji ule haujapata tena kambi ya timu ya ligi kuu. Nusu ya timu 30 za ligi kuu ya besiboli hupiga kambi Arizona, katika kile kinachoitwa Cactus League. Zote 15 zimetawanyika katika viwanja 10 kuzunguka Phoenix. Salt River Fields hubeba watu wapatao 11,000: takriban 7,000 kwenye viti na 4,000 kwenye nyasi za mteremko nyuma ya uzio wa nje.

Kwa ujenzi, huu ni uwanja uliofikiriwa vizuri. Njia ya watembea kwa miguu inauzunguka mzima, kwa hiyo ukienda kununua chakula huukosi mchezo. Paa juu ya viti vya nyuma ya besi ya nyumbani (pale anaposimama mpigaji) ni kubwa na linafanya kazi yake. Tatizo ni nyasi. Tiketi za nyasi ndizo za bei ya chini na huuzwa kama sehemu ya kufurahia na watoto, jambo ambalo ni kweli saa sita mchana na si kweli tena ikifika saa tisa. Mteremko huo unatazamana na jua la alasiri, hauna kivuli hata kidogo, na Machi joto la mchana Phoenix huwa nyuzi 25 hadi 30. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, ndiyo maana watu huishiwa maji mwilini bila kujijua. Ukichagua nyasi, beba kofia pana, shuka zito (majani yakimwagiliwa asubuhi, unyevu hupenya kitambaa chepesi) na maji kuliko unavyodhani yatakutosha, baada ya kusoma masharti ya uwanja kuhusu vinavyoruhusiwa kuingia.

Tiketi ninayoipendekeza ni ya viti vya safu za juu chini ya paa, kati ya besi ya nyumbani na besi ya tatu. Jua likielekea magharibi, kivuli hufika upande huo mapema na hakiondoki. Upande wa besi ya kwanza husubiri zaidi, na safu za mbele kabisa, zenye bei kubwa kuliko zote, huchomwa muda mrefu. Kwa michezo ya usiku hesabu inageuka: jangwa hupoteza joto haraka, na kufikia saa mbili usiku fulana peke yake haitoshi.

Tarehe ina uzito kuliko kiti, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Warushaji (wanaomtupia mpigaji mpira) na wadakaji (wanaoudaka nyuma yake) huripoti kambini katikati ya Februari, wachezaji wengine siku chache baadaye, na michezo huanza mwishoni mwa mwezi huo. Mrushaji wa kuanza mchezo hupandishiwa mzigo hatua kwa hatua. Safari ya kwanza hurusha ngwe moja au mbili, mipira kama 20 hadi 35. Kila baada ya siku tano au sita huongezewa takriban ngwe moja, hadi mwisho wa Machi anapofika mipira 80 au 90. Wapigaji wa kikosi cha kwanza nao, mwanzoni mwa Machi, hupata zamu ya kupiga mara mbili tu, kisha wanavua glavu na kwenda zao. Kuanzia ngwe ya sita unawatazama vijana wenye namba za 80 na 90 mgongoni. Basi, ukitaka kuona timu inayofanana na ile ya msimu, nunua mchezo wa kuanzia Machi 12 kuendelea. Ukitaka kuona vijana wakipigania nafasi, wiki ya kwanza ndiyo yako, na bei ni nafuu. Katika miaka ya mashindano ya dunia ya besiboli, kama 2023 na 2026, nyota kadhaa huondoka kambini mapema Machi kwenda kuchezea nchi zao, hivyo tarehe za mwisho wa mwezi huzidi kuwa na thamani.

Kuna mtego mmoja ambao watu wa tiketi hawatakueleza. Mchezo wa Diamondbacks dhidi ya Rockies, timu mbili zinazokaa nyumba moja, unaonekana kuwa chaguo bora: hakuna anayepanda basi, kwa hiyo vikosi vyote viwili huwa na wapigaji wazuri. Lakini timu hizo ziko kundi moja, la magharibi la ligi ya taifa, na timu zote tano za kundi hilo (wengine ni Dodgers, Giants na Padres) hupiga kambi Arizona. Makocha hawapendi wapigaji wa wapinzani wao wa kila mwezi wazoee mkono wa mrushaji wao bora. Mara nyingi siku hiyo mrushaji mkuu hupelekwa uwanja wa nyuma akarushe dhidi ya vijana wa ligi ndogo (madaraja ya chini ya klabu), na wewe uliyenunua kiti unamwona mtu wa nafasi ya saba katika foleni. Kwa warushaji, chagua siku ambayo mgeni ni Cubs, Mariners, Royals au timu yoyote isiyo ya kundi lile. Na fuata mchezo wa nyumbani wa timu unayoipenda. Timu ngeni inatakiwa kuleta angalau wachezaji wanne wa hadhi ya kikosi cha kwanza, na kwa kawaida haizidishi.

Sasa timu zenyewe, kwa kuwa ndizo unazolipia. Diamondbacks waliingia fainali ya 2023 wakafungwa na Rangers, na msimu wa 2025 ulimalizika kwa ushindi 80 na vipigo 82. Kilichowaangusha zaidi ni viwiko. Corbin Burnes, waliyemsajili kwa miaka sita na dola milioni 210, alifanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko Juni 2025. Justin Martinez na A.J. Puk, waliotegemewa kurusha ngwe za mwisho, nao walipita chini ya kisu mwaka huohuo. Kurudi kutoka kwenye upasuaji wa namna hiyo huchukua miezi 12 hadi 18, kwa hiyo mtu anayenunua tiketi ya Machi 2026 kwa ajili ya Burnes ananunua asichoweza kupewa. Upande wa kupiga hali ni tofauti kabisa. Corbin Carroll mwaka 2025 alipiga mipira 31 ya kuvuka uzio na kuiba besi 32, wa kwanza katika historia ya klabu kufika 30 katika yote mawili. Geraldo Perdomo alimaliza na 20 za kuvuka uzio na kuingiza mbio (pointi) 100, kazi kubwa kwa mtu anayelinda nafasi ngumu kati ya besi ya pili na ya tatu. Ketel Marte bado ni mmoja wa wapigaji wachache wa kiwango cha juu kabisa wanaotisha kwa mkono wa kulia na wa kushoto vilevile. Kambi ya timu hii itazame kwa swali moja: nani atarusha ngwe ya saba, ya nane na ya tisa? Jibu hulipati kwenye ngwe za mwanzo zenye nyota. Unalipata pale watu wengi wanapoanza kukunja mashuka.

Rockies ni biashara nyingine. Walipoteza michezo 119 mwaka 2025 na kushinda 43, wakafungwa mbio 424 zaidi ya walizofunga, tofauti mbaya kuliko zote katika enzi ya kisasa ya mchezo huu. Ulikuwa msimu wa tatu mfululizo wa vipigo 100 au zaidi. Baada yake klabu ilimkabidhi Paul DePodesta usukani wa shughuli za besiboli na kumthibitisha Warren Schaeffer kama kocha mkuu. Mtu angedhani tiketi za timu hii ni za kupuuzwa. Mimi nasema kinyume: katika kambi yenye nafasi nyingi zilizo wazi, kila mpira una mtu anayeuhitaji. Mkongwe wa Dodgers akikosea Machi hakuna kinachobadilika. Kijana wa Rockies akirusha straiki (mpira unaopita eneo halali la kupigwa) kumi mfululizo anaweza kupanda ndege kwenda Denver, nyumbani kwa timu hiyo.

Usiyaamini tu matokeo yake haraka. Mpira unaopinda hupinda kwa sababu mzunguko wake unasukumwa na hewa, na hewa ikiwa nyepesi msukumo unapungua. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko mpira hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya kupinda kwake ukilinganisha na pwani. Phoenix iko chini zaidi, lakini joto nalo huipunguzia hewa uzito. Kwa hiyo mrushaji wa Rockies anayeonekana mkali Salt River hajajaribiwa bado mahali atakapofanyia kazi, na mpigaji anayevusha mipira uzio kila siku amepewa msaada na hewa. Takwimu za kambi zenye maana ni zile zisizotegemea mpira ukishaondoka kwenye gongo: kasi ya mpira, idadi ya straiki, waliopewa besi bure. Hata hizo zitilie shaka wiki ya kwanza, maana kuna mrushaji anayekuja mchezoni kujaribu aina moja tu mpya ya mpira na kuirusha mara 15 mfululizo, hata ikipigwa zote.

Jambo jipya la kuangalia ni rufaa dhidi ya uamuzi wa mwamuzi kuhusu straiki na boli (mpira uliotoka nje ya eneo halali). Zilijaribiwa katika kambi za 2025 na zimeidhinishwa kwa msimu wa 2026. Kila timu ina rufaa mbili, ikishinda inabaki nayo. Anayeruhusiwa kukata ni mpigaji, mrushaji au mdakaji peke yake, kwa kugusa kofia papo hapo, bila kusubiri ishara ya benchi. Tazama wadakaji. Anayekata rufaa ngwe ya pili bila mtu kwenye besi anaichezea akiba ya timu, na makocha huwa wanaandika.

Turudi asubuhi. Kila timu ina viwanja vyake sita vya mazoezi, na saa tatu unusu kazi huwa imeshapamba moto. Anza kwenye vilima vya kurushia, ambako warushaji husimama safu moja. Usimwangalie mrushaji, mwangalie mdakaji. Glavu ikikaa pale ilipotegwa, mkono uko tayari. Ikiruka kulia na kushoto mara nne katika mipira kumi, mtu huyo ana wiki mbili za kazi mbele yake, haidhuru kasi yake. Kisha nenda kwenye zoezi la mrushaji kukimbilia besi ya kwanza. Linachosha kulitazama, lakini mpira ukigongwa upande wa kulia mlinzi wa besi huiacha wazi, na mrushaji aliyechelewa hatua moja amempa mpinzani besi ya bure. Februari hurudiwa kila siku, na ndipo misuli ya mashavu ya miguu ya wakongwe huchanika.

Kuanzia katikati ya Machi, wakati mchezo wa tiketi unaendelea uwanjani, timu za ligi ndogo hucheza nyuma bila kiingilio. Huko sheria ni laini. Mpigaji anayetoka kwenye jeraha huweza kuanza kila ngwe ili apate zamu sita za kupiga mchana mmoja, na ngwe hukatishwa mrushaji akitimiza idadi yake ya mipira. Hakuna ubao wa kuonyesha majina, kwa hiyo beba orodha ya namba.

Kuhusu usafiri, reli nyepesi ya Phoenix haifiki hapa, na gari ni lazima. Barabara ya mzunguko namba 101 ndiyo njia ya watu wote, kwa hiyo baada ya mchezo subiri nusu saa. Wanaotoka Denver wakumbuke kwamba Arizona haisogezi saa: hadi Jumapili ya pili ya Machi saa zenu zinalingana, baada ya hapo Denver inatangulia kwa saa moja, na mchezo wa saa saba mchana kwa simu iliyobaki na majira ya kwenu utasomeka saa nane. Na asiyepata nafasi Machi, timu ya Salt River Rafters hucheza uwanja huuhuu Oktoba na Novemba katika ligi ya vijana ya vuli. Nyasi huwa tupu, na unaweza kukaa nyuma kabisa ya mdakaji.