Kulala katika Boma la Kale la Mikindani

Anayetafuta ufuo wa mchanga mweupe, viti vya kujilaza na muziki wa usiku kucha asiifuate Mikindani, kwa sababu hatavikuta. Atakachokikuta ni kijiji cha bandari ya kale kando ya ghuba iliyotulia, takriban kilomita kumi kabla ya kufika Mtwara mjini kwa anayetokea Lindi, na juu yake, kwenye mteremko wa kilima, jengo kubwa jeupe la ghorofa ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 na ambalo sasa ni hoteli. Katika matangazo hoteli hiyo hujulikana kama The Old Boma, lakini dereva wa bajaji ukimwambia Boma tu anaelewa na hahitaji maelezo zaidi. Nimelala huko, na maoni yangu ni kwamba fedha unayolipa haiendi kwenye anasa bali kwenye jengo lenyewe na kwenye kile unachoweza kukiona na kukiuliza ukiwa ndani yake. Mgeni asiyejali mambo hayo atapata chumba chenye raha kama hiyo, na pengine kwa bei nafuu zaidi, huko Mtwara mjini.

Nianze basi na jengo. Kuta zake ni nene kiasi cha mtu kuweza kukaa dirishani na miguu yake yote ikaenea, na zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyojengwa nyumba za waungwana wa pwani kwa karne nyingi kabla Mjerumani hajafika. Hapo ndipo ujenzi wake unapovutia zaidi: ramani ni ya ngome ya dola ya Ulaya, yenye mnara na ua, ilhali mikono, mawe na milango ya kuchonga ni ya hapa hapa. Faida ya kuta hizo unaijua saa nane mchana, wakati jua la kusini limeiva nje na wewe umeingia ndani ukasikia ubaridi uliohifadhiwa tangu alfajiri. Chokaa hupumua, yaani unyevu huingia na kutoka bila kulipasua jiwe, tofauti na saruji ambayo, ikipakwa juu ya matumbawe, huufungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta ukaanza kuvimba na kubanduka. Nyumba kadhaa za kale kijijini zimeharibiwa kwa namna hiyo na watu waliokuwa na nia njema ya kuzitengeneza, na ukitoka Boma ukazitazama utaona tofauti kwa macho yako mwenyewe.

Boma nalo liliwahi kuwa gofu. Lilinusurika mwishoni mwa miaka ya 1990, pale shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilipoanza kulikarabati kwa lengo la kulifanya hoteli ambayo ingetoa ajira na mafunzo kwa wakazi wa Mikindani. Lengo hilo lina maana kwa mgeni kuliko anavyoweza kudhani. Vijana wanaokuhudumia ni watoto wa hapo, na anayekuletea chai anaweza kukueleza ni mzee gani wa mtaa anayejua kusimulia, na ni saa ngapi mashua za wavuvi zitarudi. Huduma yao ni ya upole na ya subira. Haina haraka, na anayetaka chakula kifike dakika kumi baada ya kuagiza ataona amecheleweshwa. Mimi niliona afadhali niagize mapema, nikatembee, nirudi kikiwa tayari.

Vyumba ni vichache na havifanani, jambo la kawaida kwa nyumba ambayo haikujengwa iwe hoteli. Kwa hiyo usiweke nafasi bila kuuliza. Omba chumba cha juu kinachotazama ghuba, kwa sababu upepo wa baharini hufika huko kwanza, na kwa sababu mandhari ndiyo nusu ya thamani ya mahali hapa. Kitanda changu kilikuwa cha mbao ngumu, kirefu kwenda juu, na chandarua kilining'inia bila tundu hata moja. Nililikagua hilo kabla ya kufungua begi, na ninamshauri kila mgeni afanye vivyo hivyo popote pwani, kwa kuwa mbu wa ghuba yenye mikoko hawana mzaha. Lifti hakuna, na ngazi za jengo la karne ya kumi na tisa si za mtu mwenye magoti mabovu, hivyo wazee na wanaotembea kwa shida waeleze mapema ili wapangiwe chumba cha chini.

Sasa mandhari. Ukikaa kwenye roshani unaiona ghuba nzima ikiwa mbele yako, mdomo wake mwembamba ukiwa kule mbali na tumbo lake pana likiwa huku karibu, nayo imezungukwa na mikoko na minazi. Umbo hilo ndilo lililoijenga Mikindani: jahazi likishaingia lilikuwa salama dhidi ya pepo za kusi na kaskazi, na kwa hiyo wafanyabiashara wa Oman, wa India na wa pwani yote walitia nanga hapa kuchukua pembe za ndovu na, kwa muda mrefu wa aibu, wanadamu waliofungwa minyororo kutoka bara. Lakini ghuba hiyo hiyo haina kina cha kutosha kwa meli kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga katika maeneo ya Nachingwea na kwingineko, walihitaji bandari ya kupokea meli za bahari kuu, wakaijenga Mtwara, ambako maji ni ya kina. Mradi wa karanga ulikufa baada ya miaka michache, na reli iliyoufuata ikang'olewa katika miaka ya 1960, ila bandari ya Mtwara ilibaki na Mikindani ikasahauliwa. Ndiyo maana leo, badala ya winchi na makontena, mgeni anaona ngalawa na mitumbwi. Utulivu unaouzwa na kila hoteli ya aina hii una asili yake, na hapa asili yake ni biashara iliyohama.

Mandhari hayo hubadilika mara mbili kwa siku. Maji yakijaa, ghuba inang'aa mpaka ukingo wa barabara. Yakipwa, hasa siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari inajivuta mbali na kuacha uwanja mpana wa tope ambamo wanawake na watoto hushuka na ndoo kutafuta chaza na kaa. Harufu ya tope hilo hupanda hadi hotelini. Kwangu haikuwa kero, kwani ni harufu ya pwani inayofanya kazi, ila anayetaka kuogelea baharini mlangoni pa hoteli atavunjika moyo. Kuna bwawa la kuogelea bustanini, lenye kivuli cha miti, na kwa bahari ya kweli itabidi ukodi usafiri uelekee Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, safari ya siku nzima ukihesabu kwenda na kurudi.

Jambo linalohitaji umakini zaidi katika hoteli ya namna hii ni historia, kwa kuwa historia ndiyo bidhaa yake. Kijijini kuna nyumba yenye kibao kinachomkumbuka David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskochi, ambaye mwaka 1866 alianzia Mikindani safari yake ya mwisho ya kwenda bara, akiwa na askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzwani huko Komoro, vijana wa Kiafrika waliosomea Nasik nchini India, na msururu wa ngamia, nyati, nyumbu na punda. Ni habari nzuri, na ningependa kila anayeisimulia aongeze kwamba katika msafara huo walikuwemo Chuma na Susi, ambao miaka saba baadaye, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kutoka kijiji cha chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Hata hivyo Livingstone hana uhusiano na Boma. Alikwishafariki zaidi ya miaka ishirini kabla jiwe lake la kwanza halijawekwa.

Historia ya Boma ni ya watu wengine. Mei 1890 majeshi ya Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani, yaliitwaa Mikindani, baada ya pwani kuinuka dhidi ya Wajerumani miaka miwili kabla. Mwaka huo huo Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa juu ya uwanda wa Makonde, alimwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili akikataa kumtii. Jengo hili lilipokamilika mwaka 1895 Machemba alikuwa bado hajashindwa, na hakuondolewa mpaka 1899, alipovuka kuingia Msumbiji. Kwa maneno mengine, unapoketi kwenye roshani na glasi ya maji ya ukwaju umekaa mahali palipojengwa ili kuwatia watu adabu, wakiwemo mababu wa baadhi ya wanaokuhudumia. Hilo halinifanyi niikatae hoteli. Jengo linalotunzwa na kuwalipa mishahara wajukuu wa waliotawaliwa ni bora kuliko gofu la popo. Ila ninamsihi mgeni, na hasa Mtanzania, akipata mwongozaji wa kumtembeza amwombe habari za Machemba kabla ya habari za Livingstone, kisha ateremke mwenyewe mpaka soko la zamani la watumwa, umbali wa kutembea tu, asimame hapo kabla ya kununua kinyago.

Matembezi hayo ya kijijini, kwa kweli, ningeyaweka mbele ya bwawa na roshani. Nyumba za kale zenye baraza na roshani za mbao zimesimama bega kwa bega na magofu yaliyoota mizizi, na wazee wanaokaa barazani jioni hujibu shikamoo kwa furaha na huuliza umetoka wapi, wewe ni wa nani, na umekuja kufanya nini. Ukijibu vizuri unaweza kukaribishwa kukaa. Usipige picha kabla ya kuomba.

Chakula ni kizuri kinapokuwa cha pwani na cha kawaida tu kinapojaribu kuwa cha Ulaya. Pweza wa nazi aliyepikwa taratibu mpaka akalainika, pamoja na wali, ulikuwa mlo bora niliokula katika safari nzima, na korosho za kubanguliwa zilizoletwa kabla ya chakula zilikuwa mbichi za msimu, si zile za paketi. Tambi sikuzimaliza.

Kuhusu usingizi, yafaa ujue kwamba barabara kuu ya Lindi kwenda Mtwara inapita chini kando ya maji, na malori hayalali. Adhana ya alfajiri nayo husikika vizuri, na anayekuja kijiji cha Waislamu akaona hilo ni tatizo ajiulize upya kwa nini amekuja. Vyumba vya upande wa kilima vina ukimya zaidi lakini vinakosa upepo. Chagua kati ya mawili hayo.

Kufika si kazi ngumu. Zipo ndege za kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara, na kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia tano na hamsini, kupitia daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji na kona ya Mingoyo. Ukija kwa basi, mkumbushe kondakta mara mbili kwamba unashuka Mikindani, maana kampuni niliyosafiri nayo ilinipitiliza mpaka stendi ya Mtwara usiku, nikalazimika kukodi bajaji kurudi nyuma. Mvua za kusini huanza karibu na Desemba na zinaweza kuendelea hadi Aprili, na nyakati hizo barabara ya Lindi hukatika mara kwa mara kwa mafuriko. Juni mpaka Septemba kuna ukavu na upepo wa kusi, na usiku unaweza kuhitaji shuka nzito. Bei hubadilika kulingana na msimu na chumba, kwa hiyo piga simu moja kwa moja hotelini, uulize bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, na uthibitishe kama kifungua kinywa kimo ndani yake.