Uzoefu wangu: fitingi za kusukuma kwenye mabomba ya pitoti na stetiki ya RV-9A

Nilikuwa napima kama bomba la stetiki linavuja: nilivuta hewa yake kwa bomba la sindano polepole mpaka altimita, mita ya kimo, ikapanda futi 1,000, nikabana mpira, nikatazama saa. Mshale haukutulia hata sekunde tano. Dakika ilipoisha ulikuwa umeshuka futi 340, na ndege yenyewe imo gerejini kwangu hapa Texas, haijawahi kutoka hata kwenye saruji. Kipimo cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kinavumilia upungufu wa futi 100 kwa dakika, basi. Jioni ile nilishaanza kutafuta boksi la kuwarudishia walioniuzia fitingi mzigo wao.

Ndege ninayoijenga ni RV-9A, ile ya watu wawili wanaokaa ubavu kwa ubavu, inayouzwa vipandevipande na Van's Aircraft wa Aurora, Oregon. Mabomba ya hewa niliyanunua kwa muuzaji mwingine: mzingo wa plastiki ya kijani kwa ajili ya pitoti, wa buluu kwa ajili ya stetiki, yote ya robo inchi, pamoja na mfuko wa fitingi za kusukuma: tii za njia tatu, elbo za kona na yunioni za kuunga bomba kwa bomba. Kama umewahi kubadilisha chujio la maji chini ya sinki, fitingi hizi unazijua. Unasukuma bomba ndani, meno yanalishika, ringi ya mpira inaziba. Ukitaka kulitoa unabonyeza kola, linachomoka. Ukiwa umelala chali chini ya dashibodi, spana haizunguki na kiwiko kimegota kwenye chuma, hapo ndipo utawaombea dua waliozibuni.

Kwa wasiojua kazi ya mabomba haya: mrija wa pitoti chini ya bawa unapokea upepo wa mbele, na matundu ya stetiki ubavuni yanapokea hewa isiyosukumwa. Kipima kasi kinasoma tofauti ya hizo mbili, wakati altimita na kipima kupanda na kushuka vinategemea stetiki peke yake. Bomba la stetiki likivuja ndani ya kabini, mita zinaanza kusoma hewa ya kabini, na ndege ikiwa angani hewa hiyo kwa kawaida ina mgandamizo mdogo kuliko ya nje. Altimita itakwambia uko juu kuliko ulipo. Mimi uongo wa upande huo ndio unaoninyima usingizi.

Sasa, kosa lilikuwa la nani? Shemeji yangu ni fundi bomba, bomba za nyumba. Jumapili alikuja kula pilau, akaingia gerejini na sahani mkononi. Nikamwonyesha ncha ya bomba la buluu niliyoichomoa kwenye tii.

"Shemeji, hii umekatia nini?"

"Plaizi."

"Aa! Ungekuwa kijana wangu wa kazi ningekurudisha nyumbani leo hii."

Aliigeuza ncha kwenye mwanga wa taa. Haikuwa duara tena, ilikuwa imebinywa kama mdomo wa mtu anayepiga mluzi, na pembeni ina ukucha mdogo wa plastiki. Ukucha ule ulikuwa umeikwaruza ringi ya mpira ndani ya fitingi. Tii hiyo ikabidi niitupe. Tulikata upya kwa wembe mpya, mkato ulionyooka kabisa, halafu akanifundisha kupiga alama ya kalamu kwenye bomba kabla ya kusukuma, ili ujue limefika mwisho au limeishia kwenye meno tu. Katika ncha kumi na moja nilizokuwa nimekata kwa plaizi, tatu zilikuwa zimeishia kwenye meno.

Usitafute mvujo wa stetiki kwa povu la sabuni wakati umevuta hewa. Bomba litainywa hiyo sabuni. Mimi nililigawa: nikaziba upande wa kushoto, nikapima, nikaziba wa kulia, nikapima, mpaka mvujo ukabaki kwenye kipande cha urefu wa mkono. Baada ya wembe, mshale ulishuka futi 20 kwa dakika.

Na vuta taratibu jamani. Ukivuta stetiki huku pitoti iko wazi, kipima kasi nacho kinapanda. Mwanangu alikuwa amekaa kiti cha rubani ananisomea mita, mara akapiga kelele, "Baba, tunakwenda noti mia na hamsini!" Hakukosea. Noti ni maili ya baharini kwa saa, na futi 1,000 za altimita ni karibu noti 150 kwenye kipima kasi. Ukizidisha papara na bomba la sindano, mita utaiua kabla ndege haijaruka.

Pitoti niliipima kwa mpira mwangavu uliokunjwa mfano wa U, wenye maji yaliyotiwa rangi. Tofauti ya sentimita 16 na nusu kati ya pande mbili ni noti 100. Yangu ilisoma 99, nikaridhika. Kupuliza kwa mdomo ni mwiko.

Malalamiko ninayo. Fitingi za plastiki zenye nyuzi hazitaki nguvu. Moja ilipasuka nyuma ya altimita nilipoongeza robo mzunguko nisiohitaji. Nyuzi hizo zipake uji wa kuziba, si tepu nyeupe ya mafundi bomba, maana vipande vyake hukatika vikaingia kwenye mita. Kama pitoti yako ina hita, plastiki usiisogeze karibu nayo. Mimi nimeanza na bomba la alumini, plastiki inaungia ndani zaidi ya bawa.

Matundu ya stetiki sikuyanunua. Nimebaki na zile riveti za Van's zenye kichwa cha mviringo na tundu katikati, moja kila ubavu. Wapo waliozibadilisha kwa vitundu vya kupendeza vilivyolala sawa na bati, kisha kipima kasi chao kikaanza kudanganya. Kutoka kwenye riveti mabomba yangu yanapanda juu kwanza ndipo yanakutana kwenye tii, maji ya mvua yasipate njia.

Nikiosha au kupaka rangi naziba riveti hizo kwa tepu ya rangi ya chungwa yenye mkia mrefu wa utepe. Ndege ya Aeroperú 603 ilianguka baharini mwaka 1996 na watu 70 kwa sababu tepu ya kuoshea ilisahauliwa juu ya matundu ya stetiki. Waliokuwa ndani ya chumba cha marubani hawakujua wako juu kiasi gani.

Nyota nne kati ya tano. Rangi mbili zinaokoa akili, kazi ya siku tatu niliimaliza kwa moja na nusu, na kwenye ndege nyingine ningenunua tena. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi yao ya maelekezo: ukurasa mmoja, na kuhusu kukata wameandika maneno mawili tu, kata bomba. Wembe wenyewe haumo kwenye mfuko. Shemeji ameniachia wake.