Daftari la malengo la wiki 12: linafundisha kupunguza lengo, linakosea katika kuhesabu siku

Nimemaliza kulijaza daftari la malengo la wiki 12, lile lililochapishwa likiwa na ukurasa wa kila siku na ukurasa wa tathmini mwishoni mwa kila wiki. Nililinunua baada ya kipindi kirefu cha usingizi mbovu na uchovu usiokwisha, na nimelitumia hata siku ambazo sikuwa na hamu ya kulifungua.

Thamani yake kubwa imo katika ukurasa wa kwanza. Juu pana nafasi ya kuandika lengo. Chini yake yanafuata maswali matatu: utafanya nini hasa, lini, na wapi. Kisha kipo kisanduku kidogo chenye swali ambalo sikulitarajia: siku ikiwa ngumu, utafanya kiasi gani? Mimi nilikuwa nimeandika kwa kujiamini, "Kulala mapema na kupumzika vya kutosha." Nilipofika kwenye swali la kwanza nikakosa jibu, kwa sababu usingizi hauji kwa kuamriwa, na "kupumzika vya kutosha" si jambo ambalo mtu anaweza kusimama akalifanya. Nilifuta mara tatu kabla ya kuandika, "Saa tatu na nusu usiku naiacha simu jikoni ikichaji, kisha naingia chumbani na kitabu." Katika kisanduku cha siku ngumu nikaandika, "Simu ikae jikoni, hata nikichelewa kulala." Lengo la kwanza lilikuwa matamanio tu, hili la pili niliweza kulitimiza usiku uleule.

Utaratibu huu haukubuniwa na watengenezaji wa daftari. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza jinsi mtu anayepanga mapema kwamba "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" anavyokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutekeleza nia yake kuliko yule aliyebaki na nia peke yake. Wapo watakaosema kisanduku cha siku ngumu kinalea uvivu, nao wanaweza kutaja utafiti wa Edwin Locke na Gary Latham, uliobainisha kwamba malengo mahususi na magumu huleta matokeo bora kuliko kumwambia mtu ajitahidi awezavyo. Hata hivyo, watafiti hao hao walisisitiza kwamba ugumu husaidia pale tu mtu anapokuwa na uwezo na dhamira ya kulifikia lengo, na mtu aliyechoka mwili na akili uwezo wake umepungua kwa wakati huo.

Kwa upande wa mazoezi, mfano uliochapishwa unamtaka msomaji aanze moja kwa moja na dakika 150 kwa wiki. Kiwango hicho ndicho cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima wanaofanya mazoezi ya wastani, lakini shirika hilo hilo linasema pia kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na sentensi hiyo daftari limeiacha. Nilianza na dakika 10 za kutembea baada ya chakula cha mchana, nikaziongeza taratibu, na katika wiki ya tisa nilitembea dakika 30 kwa siku tano.

Kasoro inayoniudhi ni ukurasa wa mnyororo, ambapo unatia rangi duara moja kwa kila siku uliyotimiza lengo na, ukikosa siku moja, unaagizwa uanze tena kuhesabu kutoka 1. Katika wiki ya tano nilishikwa na homa, nikakosa siku tatu, na niliporudi nilikuta maduara 31 yamekuwa bure. Nililifunga daftari kwa siku nne zaidi, na hizo nne sikuwa mgonjwa. Agizo hilo halina msingi: utafiti wa Phillippa Lally na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kukosa mara moja hakuharibu kwa kiasi cha maana ujenzi wa mazoea, na kwamba muda wa kuyajenga ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, huku wastani ukiwa takriban siku 66. Tangu hapo nilihesabu siku tano katika kila saba, na sikuliacha tena.

Karatasi ni nyepesi na wino hupenya upande wa pili, tumia penseli.

Jambo zito zaidi ni ukurasa wa hisia, unaokutaka ujipe alama kila jioni. Ulinisaidia kuona kwamba alama zangu zilishuka baada ya usiku mbaya, lakini hakuna mahali panapomwambia msomaji kwamba huzuni au kukata tamaa kunakoendelea kwa wiki mbili au zaidi ni sababu ya kumwona mtaalamu wa afya. Mstari mmoja ungetosha, na bidhaa inayouzwa kwa jina la ustawi haina udhuru wa kuukosa.

Pamoja na hayo, ninalipendekeza kwa mtu ambaye malengo yake humshinda kwa ukubwa. Nimeshanunua la pili, na kurasa za mnyororo nimezibana kwa klipu kabla ya kuandika chochote.